Nyapara Asiyehesabu Watu

Nyapara wetu alijua hesabu vizuri, lakini watu hakuwahesabu. Sasa kazi ya nyapara ni nini kama si kuhesabu watu? Mashamba ya kahawa yalijaa kutoka Ruiru hadi Thika, kila shamba na nyapara wake, na kila asubuhi wanyapara wote walisimama mbele ya wachumaji wakinyoosha kidole, mmoja, wawili, watatu, kama mchuuzi anayepokea kuku. Wetu aliweka mikono nyuma. Alipanga madebe chini, akapuliza filimbi, na kila mchumaji akachukua debe lake na kuingia kwenye mistari ya kahawa. Madebe yaliyobaki ndiyo yaliyomwambia ni nani hakuja. Karani alipofika, nyapara alimwonyesha yale madebe, kisha akageukia upande mwingine mpaka karani amalize kuandika.

Kwetu Wakikuyu jambo hili lina mizizi. Mtu mwenye adabu hakuulizi una watoto wangapi, na ukiulizwa unajibu kwamba Mungu hajatunyima, basi. Kitu kilichohesabiwa hupungua, walisema wazee, na hata mwenye mbuzi aliwajua mbuzi wake kwa rangi na pembe. Lakini haya ninayosimulia yalikuwa ya miaka ya hamsini. Wengi wetu tulikuwa tumebatizwa, tumesoma kidogo, na kazi ya mzungu ilitaka namba, kwa hiyo tulihesabiwa tukanyamaza. Yeye ndiye aliyekataa, na huyo huyo alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kiti cha mbele, aliyewakemea akina mama hadharani akiona hirizi shingoni mwa mtoto.

Mchungaji alimchokoza siku moja baada ya ibada. "Mzee, wewe unakemea ushirikina wa wenzako, na wako je?"

"Wangu uko katika Maandiko," akajibu. "Si kuna mfalme alihesabu watu wake, tauni ikaja ikawachinja?"

"Na yule mchungaji wa kondoo mia? Alijuaje mmoja amepotea kama hakuhesabu?"

Sisi wasichana tuliokuwa tukifagia kanisa tulisimamisha mifagio. Nyapara akasema, "Huyo aliwajua kondoo wake. Alikosa sauti moja." Mchungaji alicheka akampiga begani. Na mimi nilicheka.

Alikuwa mtu mfupi, miguu imepinda kidogo, na koti la kaki ambalo halikuwa na kifungo hata kimoja. Alilifunga kwa kamba ya katani. Sauti yake ilikuwa nene kuliko mwili wake. Kama alikuona umetupa kahawa mbichi ndani ya debe ili lijae haraka, alilimwaga lote chini mbele ya watu, ukaokota punje moja moja huku wenzako wanaelekea kupima. Nililia siku aliyonifanyia hivyo. Lakini dada yangu mkubwa, Wanjiru, alipopatwa na homa katikati ya msimu, nyapara alichuma upande wake wa mstari kwa siku nzima, akajaza debe lake, akaliweka kwenye mizani kana kwamba Wanjiru ndiye aliyelileta. Wanjiru alipomshukuru alijifanya hasikii, akaanza kufokea mtu mwingine.

Na alikuwa hapiti kitu kilicholala chini. Hiyo ndiyo tabia yake iliyotuchekesha kuliko zote. Punje ya kahawa, msumari, kipande cha waya, kitufe, vyote aliviinamia na kuvitia mfukoni, na jioni akapita kwenye nyumba za laini, tulikokaa wafanyakazi, akiuliza, "Hii ni ya nani?" Aliwahi kunirudishia sindano niliyoipoteza kwenye nyasi. Sindano, kwenye nyasi. Wanjiru alikuwa na mzaha wake kwamba mbinguni nyapara atapewa kazi ya kuokota nyota zilizodondoka, na atauliza malaika mmoja mmoja ni ya nani.

Hizo zilikuwa siku za Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, na sisi tulihesabiwa kuliko ng'ombe wa mnada. Askari walikuja kabla ya uji, wakatupanga mstari nje ya nyumba, wakatuhesabu. Walituhesabu tukitoka kazini. Ukienda sokoni Thika uliulizwa kibali, ukirudi uliulizwa kibali. Katika mistari hiyo nyapara alifumba macho. Afisa mmoja mzungu aliyekuwa akipita laini hadi laini alimsimamia mlangoni pake akauliza, "Nyumba hii iko na watu ngapi?"

"Ingia uwaone, bwana," akajibu.

"Mimi nauliza ngapi."

"Wako ndani. Ingia uwaone."

Alipigwa kitako cha bunduki tumboni, pale pale mbele ya watoto wake, na bado hakutaja. Usiseme alikuwa shujaa, maana hakuwahi kusema lolote kuhusu siasa na wapo waliomwona kibaraka wa bwana shamba. Ila namba ya watu wa nyumba yake haikutoka mdomoni mwake. Wiki nzima alitembea ameshika tumbo, na ole wako ukimpa pole.

Sasa nifike mlimani.

Ukisimama kwenye mwinuko wa shamba letu na kutazama mashariki, ng'ambo ya Thika, ulikuwa unauona Kilimambogo umekaa peke yake kwenye tambarare. Wazee waliuita Kianjahi, kwa sababu mvua ndefu, ile ya kupanda njahi, maharagwe yetu meusi, huanza kujikusanya upande ule. Nyapara alitazama huko kila asubuhi kabla ya kupuliza filimbi. Mlima ukiwa wazi, alituruhusu tuache magunia ya kujifunika. Ukivaa kofia ya wingu, alisema, "Beba gunia." Mara nyingi alipatia, na alipokosea alisema mlima ndio umebadilisha nia.

Yeye ndiye aliyeanzisha safari ya Jumatatu ya Pasaka. Hali ya Hatari ilipoanza kulegea, mwishoni mwa miaka hiyo, alimwendea bwana shamba akaomba lori, akaomba na kibali cha kutembea kwa watu wa kanisa, tukapande Kilimambogo tukaombee mvua na mazao. Wazee wa zamani walikuwa wakiuelekea mlima huo wakiomba. Yeye alisema Mungu ni yule yule, anuani tu ndiyo imekuwa ndefu. Mchungaji alikunja uso, lakini alitoa baraka.

Kupanda mlima wakati wa mvua ya njahi si mchezo. Unaanza chini na jua la kuchoma shingo, nyasi zinatoa mvuke, wasichana wanaimba. Ukifika kwenye msitu ukungu unashuka ghafla, huoni mgongo wa aliye mbele yako. Halafu upepo unaupeperusha, jua linarudi, watu wanavua sweta, na kabla hujaikunja sweta mvua imeshakupiga, wakati mwingine na mawe ya barafu. Njia inakuwa utelezi mtupu. Pia kuna mbogo, kama jina linavyosema, na kinyesi chao kibichi kilituambia hawako mbali. Nyapara alitufundisha kupanda bila kuongea sana na kushuka tukiimba. "Ukipanda unahitaji pumzi," alisema, "ukishuka mbogo anahitaji kujua unakuja."

Juu kabisa, kama mawingu yalikuwa na huruma, tuliona Kirinyaga, mlima wa theluji, mbali kaskazini, weupe wake umechomoza. Hapo alivua kofia. Sala yake ilikuwa fupi kuliko zote alizowahi kusali kanisani: mvua ya kutosha, isiyozidi, na watu wote warudi nyumbani.

Na kuhusu watu wote kurudi nyumbani alikuwa na mpango wake. Siku moja kabla ya safari alikata fimbo, akazichonga, akazifunga pamoja kwa kamba ya katani. Chini ya mlima kila mmoja alichomoa fimbo yake kwenye mzigo. Wakati wa kurudi alikaa kando ya lori, na kila mtu akamrudishia fimbo kabla ya kupanda. Mzigo ukijaa mpaka kamba ifike pale pale ilipokuwa imefungwa mwanzo, alipiga ubao wa lori mara moja na dereva akawasha. Kwa njia hiyo alikuwa ametupeleka na kuturudisha bila kutaja namba ya mtu.

Mwaka ambao mimi siusahau tulienda mimi na Wanjiru. Alikuwa ameposwa, mahari imeanza kujadiliwa, na alitaka kumwonyesha Mungu jambo lake akiwa karibu kidogo, hivyo ndivyo alivyoniambia. Asubuhi mlima ulikuwa wazi kabisa. Tulisali juu na jua kichwani. Tulipoanza kushuka wingu lilitokea upande wa Ukambani, jeusi, na baridi ikaja mbele yake. Mvua ya mawe ilitukuta katikati ya msitu. Watu waliacha kuimba wakaanza kukimbia na kuteleza, kila mmoja amefunika kichwa kwa leso au kikapu. Wanjiru alikuwa nyuma yangu, kisha akaja akanipita akicheka, kisha ukungu ukatumeza. Nilidhani yuko mbele.

Nyapara alitembea wa mwisho, kama kawaida yake. Katikati ya njia, mahali ambapo ukingo unashuka kwenye korongo dogo lenye vichaka, aliona fimbo imelala kwenye matope. Mtu ameiangusha kwa haraka, alifikiri, na mwenyewe atafika chini mikono mitupu nimgombeze. Akainama akaiokota.

Chini kulikuwa na vurugu ya maji na matope. Watu walimrushia fimbo wakarukia chini ya turubai. Alizikusanya, akaongeza ile aliyookota, akafunga. Kamba ikafika pale pale. Akapiga ubao wa lori.

Tulisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya kuingia Thika, mvua imekwisha, jua la jioni linawaka kwenye madimbwi. Askari alisoma kibali akaamuru tushuke. Alituhesabu. Akarudi mwanzo akatuhesabu tena, sasa akimgusa kila mtu begani kwa rungu.

"Kibali inasema thelathini," akasema. "Hapa iko ishirini na tisa. Mmoja wapi?"

"Wote wako, afande," nyapara akasema. Akachukua mzigo wake wa fimbo, akamwonyesha kamba. "Angalia. Imetimia."

Askari walicheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutazama nyuso. Nilizunguka lori, nikarudi, nikaita, "Wanjiru!" Nikaita tena. Nyapara alinitazama, akatazama ule mzigo mikononi mwake, na niliona jambo likimwingia taratibu mpaka mdomo wake ukalegea.

"Ile moja niliiokota mimi," akasema.

Aliomba lori ligeuzwe. Aliomba kwa Kikuyu, akaomba kwa Kiswahili, akapiga magoti kwenye lami. Lakini mkubwa wa kizuizi aliona jambo lingine. Mtu mmoja ameingia msituni na hakutoka, na siku zile hiyo ilikuwa na maana moja tu. "Umempelekea nani chakula?" akamuuliza. "Huyo msichana ameenda kwa nani?" Walimfunga mikono. Sisi wengine tulirudishwa shambani, Ruiru, chini ya ulinzi, nami nikiwa nimeshikwa na wanawake wawili kwa sababu nilitaka kuruka.

Kulipokucha ndipo walipompeleka mlimani, mikono yake ingali imefungwa. Aliwaongoza moja kwa moja hadi mahali alipookota fimbo. Wanjiru alikuwa chini ya ukingo, ndani ya vichaka, si mbali hata kidogo, mguu umevunjika, nguo zimeloa, amejikunyata kwenye mzizi. Baridi ndiyo iliyomuua. Kama aliita wakati nyapara anapita juu yake katika kelele ile ya mawe, hakuna ajuaye. Walimfungua mikono ili ambebe. Askari mmoja alitaka kumsaidia, akakataa, akambeba mgongoni hadi chini kama mama anavyombeba mtoto. Hayo nilielezwa na askari huyo huyo miaka mingi baadaye.

Walipomwachia, nyapara alikuja nyumbani kwetu na mzee mwenzake wa kanisa. Baba alimpa kiti. Maitu, mama yetu, alimmiminia uji, ukapoa, ukaota ngozi. Mimi nilitoka nje kabla hajaanza kusema. Nilimchukia, na sitaona haya kuandika hivyo. Watu wameniambia kwamba haikuwa kosa lake, kwamba ni mvua, ni vita, ni yule mkubwa wa kizuizi, na yote hayo ni kweli. Lakini angenyoosha kidole tu kama wanyapara wengine, dada yangu angeolewa.

Na alinyoosha. Asubuhi ya kwanza aliporudi kazini hakupanga madebe. Alisimama mbele yetu, akainua mkono, akaanza kwa sauti yake nene: "Mmoja. Wawili. Watatu." Manung'uniko yalipita kwenye mstari. Bibi mmoja mzee alitupa debe lake chini akamwambia, "Wewe sasa unatumaliza."

"Afadhali tupungue nikijua, cucu," akajibu, akaendelea kuhesabu.

Alituhesabu asubuhi, alituhesabu saa ya chakula, alituhesabu tukirudi laini. Kanisani alihesabu watu wakiingia na wakitoka, midomo yake ikichezacheza wakati wa wimbo. Watu waliokuwa wakimcheka kwa kutohesabu sasa walimkwepa kwa kuhesabu, na akina mama waliwavuta watoto nyuma ya sketi zao akipita. Safari za mlimani zilikwisha. Aliponifikia kwenye mstari nilitazama pembeni, na kila mara sauti yake ilishuka akitaja namba yangu. Sikumsalimu tena. Nilipoolewa nikahamia Makongeni, mtaa wa Thika, nilifurahi kwamba sitaisikia sauti ile asubuhi.

Ilipita miaka mingi. Nchi ilipata uhuru, shamba liligawanywa, nikawa na watoto na kiduka kidogo cha sukari na mafuta ya taa. Alasiri moja ya mvua ya njahi aliingia mwanamke aliyelowa, nikamtambua kwa ile miguu ya kupinda. Ni binti wa nyapara. Walikuwa wamehamia Kamenu, si mbali na kwangu.

"Tata Njeri," akasema, akiniita shangazi kwa heshima, "baba amezeeka. Akili inaenda na kurudi. Mvua ikianza kunyesha anatuhesabu sote ndani ya nyumba, halafu anasema mmoja bado. Hataki mlango ufungwe. Maji yanaingia, watoto wana kifua, na ukiufunga analia."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Mwambie Wanjiru ameshuka. Sisi tumemwambia, haamini. Wewe ukimwambia ataamini."

Nilimwambia kwamba mimi sisemi uongo kuhusu maiti wangu. Alisimama tu pale, maji yakimchuruzika, akitazama sakafu. Nikamwambia mtoto wangu akae dukani, nikajitupia gunia kichwani, tukaenda.

Mlango ulikuwa wazi kweli, na mvua imeingia hadi kwenye miguu ya kiti. Alikaa akitazama nje, amekuwa kadogo, blanketi mabegani. Wajukuu walikuwa wamejibanza kando ya jiko. Alikuwa akimaliza kuwahesabu, kidole hewani.

"Mmoja bado," akasema.

Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa maneno makali, na nilipoona kile kidole bado kiko hewani yote yalinipotea. Nilichuchumaa.

"Baba," nikasema, "unayemngoja ni Wanjiru. Alikufa mlimani. Wewe mwenyewe ulimbeba ukamshusha, tukamzika, mimi nilikuwepo."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na ukungu. "Na wewe ni nani?"

"Ni Njeri. Mdogo wake."

"Nilikuhesabu?"

Nyuma yangu binti yake alivuta pumzi. Hakuna mtu kwetu, mzee kwa kijana, anayeomba kuhesabiwa.

"Bado, baba," nikasema. "Nihesabu."

Aliweka mkono wake kichwani kwangu, juu ya gunia lililoloa, akataja namba yangu kwa sauti yake yote, bila kuishusha. Kisha akawatazama watoto kando ya jiko, akanitazama mimi, akavuta blanketi.

"Basi fungeni," akasema. "Watoto wanasikia baridi."

Binti yake alikuwa akilia hawezi kuinuka. Nikaenda nikaufunga mlango mimi mwenyewe.